Shanta la Siku Kumi na Tisa

Dada yangu ni fundi cherehani, ana miaka hamsini na nne. Miaka thelathini na moja ameketi kiti kilekile mbele ya cherehani ileile nyeusi ya kukanyaga, mwanga wa dirisha ukimjia upande wa kushoto. Duka letu lina vyumba viwili. Cha mbele ni changu: meza ya pasi, kioo kirefu, pazia la wateja kubadilishia nguo, na tepu ya kupimia ambayo haitoki shingoni mwangu. Cha nyuma ni chake. Mimi napima, naandika daftarini, natia vifungo na kupiga pasi. Yeye anakata na kushona. Kuna wateja wamevaa suruali zake miaka kumi na hawajawahi kumwona uso.

Utaratibu huo aliuweka yeye mwenyewe tangu tulipofungua: anayepima hakati, anayekata hapimi. Anasema fundi akimwona mteja anamwonea huruma, anampunguzia tumbo kidogo na kumwongezea kifua kidogo, na kesho yake nguo inarudi na matusi juu. Kwa hiyo yeye anaamini daftari. Nikiandika kiuno inchi arobaini na nne, anakata arobaini na nne, hata kama mwenye kiuno yuko chumba cha mbele anaapa kwamba ni thelathini na nane. Madaftari yote tumeyatunza, yako rafu ya juu, yamepangwa kwa miaka, na mwandiko wote uliomo ni wangu.

Mtu wa namna hiyo, asiyetoka kitini ila kwenda msalani, ndiye aliyeniambia asubuhi moja, tunafungua milango ya duka, kwamba anakwenda kutembea kwa miguu siku kumi na tisa milimani.

"Na nani?" nikamuuliza.

"Peke yangu."

"Dada, umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Vikombe viwili. Hebu nisaidie hili komeo."

Nilijua lilikotoka. Miezi miwili kabla, mteja mmoja, mwalimu mstaafu mwenye miguu mikavu, alituletea shanta lake, lile begi kubwa la mgongoni la wasafiri wa miguu, mkanda mmoja umekatika. Alitoka nalo kwenye njia ya milimani, ile inayoanza pale lami inapokwisha na kupanda kituo hadi kituo mpaka upande wa pili wa safu. Mkanda ungeshonwa kwa dakika kumi. Dada alilifumua shanta zima, juu mpaka chini, kwa sababu tu alitaka kujua limeshonwaje. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu tufungue duka: akatoka chumba cha nyuma, akaja kukaa na mteja. Walizungumza saa nzima. Mwishoni akamuuliza, huko juu kuna sauti gani? Mwalimu akamjibu, "Hakuna mtu anayekuita."

Neno hilo lilimwingia. Na nikiwa mkweli, naelewa kwa nini. Dada ndiye wa kwanza kuzaliwa katika sisi saba. Mimi amenibeba mgongoni yeye mwenyewe hajatoa meno yote ya utu uzima. Tumelala naye wanne kitanda kimoja. Akatoka hapo akaenda bweni la chuo cha ushonaji, wasichana ishirini ukumbi mmoja. Akatoka bweni akaolewa, watoto watatu na mama mkwe mgonjwa juu. Mume wake alipofariki, miaka tisa iliyopita, wiki ile ile mimi nilihamia kwake na sanduku langu kuja kumliwaza, na mpaka leo sijamaliza kumliwaza. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala. Kimoja tumekijaza vitambaa. Kingine kina vitanda viwili, na kati yake hatua moja. Huyu mwanamke amefika umri huo hajawahi kulala chumbani peke yake, na sidhani kama amewahi kumaliza kikombe cha chai bila mtu kumwita.

Sasa niseme na langu, maana kusimulia nusu ni kudanganya. Mimi pia sijawahi kulala peke yangu, na tofauti na yeye, sitaki. Nina miaka arobaini na tisa. Mtaani wananiita Pilipili, na jina nimelifanyia kazi. Nimeshawahi kumkimbiza mwizi na pasi ya moto mkononi mpaka akaacha viatu. Lakini nyumba ikiwa kimya na sisikii mtu anapumua kitanda cha pili, naogopa. Naogopa kitoto kabisa, moyo unadunda, shuka mpaka puani. Hakuna aliyekuwa anajua. Dada aliposema siku kumi na tisa, mimi sikusikia milima wala baridi. Nilisikia kitanda kitupu mara kumi na tisa.

Kwa hiyo nikakimbilia kwa Kaka. Kaka ndiye anayemfuata Dada kwa kuzaliwa, ana duka la vifaa vya ujenzi na sauti ya mtu anayesimamia kupakua saruji. Nilimweleza habari yote na nikatia chumvi ya kutosha: miamba, mvua, wanyama ambao hata sijui kama wapo. Jioni ile akaja na uso wa kikao.

"Dada, una miaka mingapi?"

"Unaijua. Ulinikuta duniani."

"Ukianguka huko nani atakuokota?"

"Wewe ukianguka bafuni kwako nani anakuokota?"

"Mke wangu."

"Mwenzio nitajiokota."

Nilikuwa upande wa Kaka lakini hapo ilibidi niingie jikoni kuficha kicheko. Kaka anamjua dada yake, alijua kumkataza ni kumsukuma, akabadili njia. Akasema, "Tufanye hivi. Uende kwanza siku tatu, na mzigo wote mgongoni, ule ule utakaobeba siku zote kumi na tisa. Ukirudi mzima, nakupeleka mwenyewe kwa gari langu mpaka mwanzo wa njia. Ukirudi umeumia, habari hii imekwisha na hatutaki kuisikia tena." Dada akampa mkono papo hapo. Mimi kule jikoni nikasema moyoni, atarudi ameumia. Nilisema kwa matumaini, Mungu anisamehe.

Dada akajifunga kibwebwe. Alichagua kuondoka mwezi ule unaofuata msimu wa sare za shule, kazi zinapopungua, akaanza kuujenga mwili ambao kwa miaka yote hiyo haukuwa na kazi ila kukanyaga na kuinama. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alipanda ngazi za jengo la ghala la vitambaa, ghorofa sita, na bunda la kitambaa cha suruali begani, kupanda na kushuka mara nne. Mlinzi wa jengo wiki ya kwanza alimsimamisha, alidhani anaiba bunda moja moja. Wiki ya pili alikuwa anamhesabia.

Buti alitengenezewa na fundi viatu wa duka la jirani, na ili zizoee mguu akawa anazivaa kazini, anakanyaga cherehani kwa buti za mlimani. Mishono ya wiki ile ilitoka mirefu kama ya gunia na nilirudisha mashati matatu yafumuliwe. Hakununa. Alifumua huku anachezesha vidole ndani ya buti na kuniambia ya kushoto bado inabana.

Kisha ikaja habari ya uzito. Mwalimu alimwambia huko juu kila kitu unachobeba utakijua kwa jina. Dada akaazima mizani ya muuza nafaka, akaiweka juu ya meza yangu ya pasi, akapima kila kitu: jiko dogo la gesi, sufuria, mfuko wa kulalia, karanga, tende, supu za pakiti, tochi. Kisha akageukia nguo. Lebo zote akakata. Shati jipya la safari akalitoa kola, mifuko miwili, na vifungo vya akiba. Suruali akaifumua pindo la ndani. Mwisho wake alikuwa na kifuko cha mabaki, akakiweka kwenye mizani, akaniita nije kuona.

"Robo kilo na kitu," akasema. "Hiyo ni siku nzima ya karanga."

"Na aibu ya kutembea bila kola umeipima?"

"Haina uzito," akanijibu, na alikuwa na furaha ambayo sikuizoea usoni mwake, na iliniuma kuiona.

Hema alinunua la mtumba, akaziba mishono kwa nta, akalisimamisha uani, akaingia ndani akanitaka nimwagie maji kwa mpira kwa dakika ishirini. Nikamwagia dakika arobaini. Alitoka mkavu.

Nilianza kuona kwamba ataweza, na hapo ulimi wangu ukaharibika. Siku moja anakunja hema nikamwambia, "Utaanguka huko, na tutakuokota mwakani mifupa." Akakaza kamba ya hema, akasema, "Basi nitakuwa nimepumzika." Tokea hapo tukawa tunasemezana mambo ya kazi tu, leta uzi, peleka suruali, siku kumi nzima. Nyumbani kila mtu kwenye kitanda chake, hatua moja kati yetu, hakuna neno.

Katika siku hizo ndipo alishona shanta. Angeweza kununua, lakini alisema ya dukani yameshonewa watu wote, maana yake hayakushonewa mtu. Alichukua turubai nyepesi ya kijani, mikanda ya nailoni, sponji ngumu ya kuweka mabegani na kiunoni, na vyuma viwili vyembamba vya alumini kutoka dukani kwa Kaka vya kusimamisha mgongo wa shanta. Mwalimu alikuwa amemfundisha siri yake, na aliirudia mpaka na mimi nikaijua: mzigo haubebwi na mabega, unabebwa na nyonga. Mkanda wa kiunoni lazima ukae juu ya mifupa ya nyonga, ukamate, na mabega yabaki kazi ya kusawazisha tu. Ili ukae hapo, kipimo kimoja ndicho kinachoamua kila kitu, urefu wa mgongo, kutoka ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo mpaka usawa wa nyonga.

Anayepima dukani kwetu ni mimi, na mimi na yeye tulikuwa hatuongei. Nadhani hata tungekuwa tunaongea asingefikiri. Alifanya anachofanya siku zote, alitafuta daftari. Niliingia chumba cha nyuma kuchukua uzi nikalikuta liko wazi kwenye meza ya kukatia, mkasi juu yake. Lilikuwa daftari la mwaka wa harusi ya Kaka, nilipopima familia nzima, miaka ishirini na tatu iliyopita. Jina lake juu ya ukurasa, mwandiko wangu wa usichana na mikia mirefu. Mgongo: inchi kumi na nane. Alikuwa tayari ameshachora kwenye turubai kwa chaki.

Mimi mgongo wa Dada nauona kila siku. Mlango kati ya vyumba vyetu hauna pazia, na yeye ananipa kisogo kuanzia asubuhi. Kazi yangu ni kutazama miili. Niliona mara moja kwamba mgongo ule wa inchi kumi na nane haupo tena. Ameinama juu ya cherehani tangu hapo, mabega yamekwenda mbele, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Mwanamke aliyekuwa kwenye ukurasa ule alikuwa na miaka thelathini na moja na alitembea kifua mbele. Shanta lile lingekuwa refu. Mkanda ungeteremka chini ya nyonga, usishike kitu, na kilo zote zingening'inia mabegani.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikachukua uzi wangu, nikarudi mbele, nikasikia mkasi unaanza kukata.

Kaka alimpeleka alfajiri ya Ijumaa na akaenda kumchukua Jumapili. Mimi nilimwita binti wa Kaka aje kulala kwangu, nikasingizia kuna mapazia ya kumalizia. Jumapili mchana gari lilisimama, Dada akashuka polepole, Kaka akambebea shanta. Nilipomvua shati nilikuta ngozi ya mabega imechubuka yote, nyekundu, na mkono wa kulia vidole vilikuwa na ganzi hawezi kushika kikombe. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikampaka dawa.

"Nililala, unajua," akaniambia huku amenipa mgongo. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami kidugu tangu siku ile. "Peke yangu kwenye hema. Nilidhani nitakesha. Nililala mpaka jua likanigonga usoni, nikapika chai, nikainywa yote. Yote, mdogo wangu. Nikakaa tu. Miguu haina neno. Pumzi haina neno. Ni haya mabega. Siku ya pili nilikuwa natembea nalia."

Kaka safari hii hakuleta sauti yake ya saruji. Alikaa karibu yake, akasema siyo aibu, amejaribu, wengi wa umri wake hawawezi hata hizo siku tatu. Dada akatikisa kichwa kukubali. "Tulipeana mkono," akasema. "Mwili umekataa. Basi."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Usiku ule nilimsikia anapumua kitanda cha pili, na sikupata usingizi.

Jumatatu akarudi kitini. Jumanne akapokea kazi ya mwezi ule ambao alikuwa ameuacha wazi, sare za wafanyakazi wa hoteli, mashati sitini. Jumatano baada ya chakula cha mchana nikamwona ameliweka shanta mapajani, ana wembe mkononi, analifumua. Anafumua vizuri kama anavyoshona, uzi mmoja mmoja, bila kujeruhi kitambaa. Alisema turubai inafaa mifuko ya kupelekea mashati.

Alipofika kwenye mkanda wa kiunoni akaunyoosha kwenye mwanga, akaupitisha kidole. "Mshono hauna kosa hata moja," akasema, siyo kwangu, kwa mkanda wenyewe. "Kosa ni la mwenye mgongo."

Nilishindwa. Nilikuwa nimesimama na pasi, nikaiweka.

"Mgongo wako hauna kosa," nikasema. "Ulikata kwa kipimo cha harusi ya Kaka."

"Nilikata kwa daftari."

"La miaka ishirini na tatu. Ule mgongo umeuketia, Dada. Umejikunja. Shanta ni refu kwako, mkanda haukukaa kwenye nyonga, ndiyo maana mabega yameumia. Mtu yeyote angeumia."

Akaweka wembe mezani taratibu. "Umejua lini?"

Hapo palikuwa na uwongo mzuri tu, ungetosha. Ningesema leo, nimekuona sasa hivi unavyolishika.

"Siku unakata," nikasema. "Niliona daftari likiwa wazi."

Mimi nimemzoea Dada wa maneno. Nilisubiri maneno. Aliinuka, akanipita, akaingia chumba changu, akasimama mbele ya kioo kirefu upande wa wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona amesimama. Akajitazama, kwanza mbele, kisha akageuka ubavu, akatazama muda mrefu mstari wa mgongo wake kama kazi ya fundi mwingine.

"Nipime," akasema.

Nilimpima. Inchi kumi na sita. Nikapima tena kwa sababu nilikuwa nalia na namba zilikuwa zinaogelea, na zikawa kumi na sita. Bega la kulia chini ya la kushoto kwa robo tatu ya inchi. Kiuno, nyonga, kifua, upana wa mgongo akiwa ameinua mikono. Nilikuwa namsomea kila namba kwa sauti kama ninavyowasomea wateja wote, na kila moja ilikuwa inanisuta.

"Andika ukurasa mpya," akaniambia. "Na tarehe."

Jioni ile nilikwenda kwa Kaka kwa miguu yangu nikamweleza yote, bila chumvi safari hii. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Akasema siku tatu zile hazihesabiki, arudie. Hakuniambia neno jingine, hakunikaribisha hata kukaa, na sikumlaumu.

Dada akashona upya. Mkanda wa bega la kulia aliufanya mfupi kuliko wa kushoto ili mzigo usimvute upande, jambo ambalo hakuna duka lingemfanyia. Mashati sitini ya hoteli tuliyamaliza kwa wiki mbili na nusu, mpaka mabega yalipopona, akaenda tena siku tatu. Jumapili alishuka garini mwenyewe, shanta mgongoni, akaingia mpaka jikoni nalo akauliza kuna chakula gani. Nilimvua shati. Mabega yalikuwa masafi. Muda wote huo hakuwahi kuniuliza kwa nini. Alinisalimia asubuhi, alinikatia kazi, alinipa nusu ya chungwa lake, na hakuuliza, na mimi sikuwa na ujasiri wa kulianzisha mwenyewe.

Siku ya kuondoka Kaka alikuja na gari saa kumi na mbili asubuhi, amevaa shati la heshima kana kwamba tunakwenda kuposa. Tuliendesha mpaka lami ikaisha. Hapo kuna kibanda cha kujiandikisha, kibao chenye ramani, na njia nyembamba inapanda kwenye majani. Dada akavaa shanta lake. Kaka akaingia kibandani kumhoji karani juu ya hali ya hewa, tulimsikia mpaka nje. Tukabaki wawili.

"Sasa niambie," Dada akasema. "Kwa nini?"

"Naogopa kulala nyumbani peke yangu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu."

"Ungesema. Ningebaki."

"Najua ungebaki," nikamwambia. "Ndiyo maana sikusema. Nilitaka ubaki na lawama iwe ya mgongo wako, isiwe yangu."

Yalitoka hivyo hivyo, bila kupigwa pasi. Alinitazama. Kisha mkono wake ukashuka kiunoni, ukashika kibano cha mkanda, kidole gumba juu ya kitufe.

"Basi sema sasa," akasema. "Nikivua hapa hapa sitakulaumu. Sitalitaja tena. Nakuapia."

Dada haapi ovyo. Na nilimjua, angevua, angenipa shanta nimshikie, tungerudi wote garini, na kesho yake angekuwa kitini anamshonea mtu mwingine. Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote, kila mtu alipomwita. Kidole kilikuwa pale pale kwenye kitufe. Nilitaka kumwambia avue. Sijawahi kutaka kitu hivyo.

Nilipiga magoti kwenye changarawe. Nikauondoa mkono wake pale. Mkanda ulikuwa umeteremka kidogo upande wa kulia, nikaupandisha juu ya mfupa wa nyonga, nikaukaza mpaka nikasikia umeshika, nikapitisha vidole viwili kuona haumbani.

"Umekaa," nikamwambia. "Nenda."

Akaweka kiganja kichwani kwangu mara moja, kama zamani, akaondoka. Alitembea polepole, kwa hatua ndogo, mzigo wote umetulia juu ya nyonga zake na mabega yamelegea. Nilimtazama mpaka njia ikamficha. Hakugeuka, na sikumwita.

Tukiwa njiani kurudi Kaka alizima redio. Akasema mkewe ameshatandika kitanda cha wageni, nilale kwao hizo siku zote mpaka Dada atakaporudi, wala haina haja ya kusingizia mapazia. Nilimshukuru, na nilikuwa namaanisha. Kisha nikamwomba anishushe nyumbani.